Pumzi Ameingia, Pumzi Ametoka

Dar es Salaam
3 Machi 2024

Mdogo wangu Albina,

Dagaa wamefika, na salamu za Ngumbo zimefika pamoja nao. Shemeji yako Ignatio amekula mpaka akasahau kwamba ana huzuni, kisha akakumbuka, akanawa mikono.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu simu yako inapokelewa na ukoo mzima wa mumeo, na jambo hili sitaki litembee ufukweni. Ni lile lile. Mwezi mzima na zaidi umepita tangu nitoke wodini mikono mitupu, na Mama bado anadhani nina mimba. Niliyemwambia ni wewe peke yako.

Unajua kinachonifunga mdomo. Si presha yake tu. Ni lile jina. Tangu mimba haijaanza hata kuonekana alikuwa anapiga simu na kusema, "Nipe nimsalimie somo wangu," nami naiweka simu tumboni, anamwita, "Scola! Scola!" Mtoto haitwi jina kabla hajalia, na aliyetufundisha hivyo ni yeye mwenyewe. Furaha ilimzidi, akasahau. Sasa nikimwambia kwamba somo wake alizaliwa amekwisha kufa, hatauliza daktari alisema nini. Atasema, "Mdomo wangu ndio uliomuua." Nitakuwa nimempoteza mtoto, na Mama naye nimemvunja.

Lakini siwezi kunyamaza milele, maana mwezi wa tano anakuja kunitunza uzazi. Ameshakata shauri. Lazima nimwambie kabla hajapanda basi. Naomba usinitangulie. Nitamwambia mwenyewe, ila kila nikianza maneno yanakimbia.

Habari nyingine ni ndogo. Nimepata kazi ya kushona mito ya kukalia, ya duara, ya kujazwa sufi, kwa hekalu la Wabudha lililo hapa mjini. Nilipopeleka ya kwanza, mtawa wao aliibonyeza kwa kidole, akaniambia, "Fundi, wewe umeshona, basi wewe pia kaa." Nilicheka. Lakini nadhani nitakwenda. Wanasema kazi yenyewe ni kukaa kimya, na mimi kila ninapopita naambiwa "utapata mwingine, utapata mwingine", kana kwamba nimesahau mwavuli kwenye gari.

Nisalimie shemeji na watoto.

Dada yako,
Asteria

~

Mapera
10 Machi 2024

Binti yangu Asteria,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia.

Rogasian wa njia panda anasafiri kesho kuja huko kwa shughuli zake, nimembebesha barua hii na maharage. Simu siitaki. Kupata mtandao mpaka nipande juu kabisa ya mibuni, nipige kelele, na bonde zima lijue haja yangu. Barua mtu unaisoma, unaiweka, unaisoma tena siku ukiwa na hamu.

Huku mvua haina adabu. Ngolo zote za shambani zimejaa maji, kila shimo lina kidimbwi chake, ila udongo umekaa, haujaporomoka. Baba yenu alizichimba vizuri, Mungu amrehemu. Kwaresima inakwenda. Njia ya Msalaba tunaifanya kwenye matope, na Ijumaa iliyopita Restituta jirani yangu aliteleza pale Yesu anapoanguka mara ya pili. Padre alishindwa kuendelea.

Haya, somo wangu hajambo? Anapiga teke? Mimi nimeshapanga. Kahawa haiivi mpaka mwezi wa saba, kwa hiyo wa tano na wa sita ni wako. Jumuiya inajua, padre anajua, hata mbuzi wanajua. Nilimwuliza Albina habari zako, akanijibu kwa mkato. Yule tangu aolewe na Waanglikana amekuwa mtu wa siri.

Usinyanyue kitu kizito. Cherehani ikanyage polepole. Na nikuulize, mbona siku hizi tukiongea huniwekei simu tumboni? Unanibania mjukuu?

Mama yako,
Scolastika, somo wa mtu

~

Dar es Salaam
17 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo sote. Rogasian amefika salama na maharage tumeyapata. Niwie radhi kwa simu, siku hizi narudi nimechoka. Kazi ya mito ndiyo iliyonibana, na ngoja nikueleze hiyo, maana najua utacheka.

Kuna hekalu la Wabudha hapa mjini. Wengi wao wanatoka Sri Lanka na Thailand, na siku hizi Waswahili wenzetu nao wamo. Mtawa wao ni mtu mzima, amevaa shuka la rangi ya boga lililoiva, kichwa kimenyolewa kinang'aa. Nimewashonea mito, wakanialika, na jana Jumamosi nilikwenda kukaa. Ndivyo wanavyosema wenyewe. Hawasemi kwenda kusali, wanasema kwenda kukaa.

Nilivaa nguo nyeupe kama nilivyoelekezwa. Viatu tuliviacha nje. Mlangoni kuna ndoo ya maji, unanawa, unaingia bila kusalimia mtu. Mimi kwa mazoea nikasema, "Hodi jamani, habari za hapa!" kwa ile sauti yetu ya kuitana toka mlima hadi mlima. Watu wote wakageuka. Nikakaa chini haraka kabla sijafukuzwa. Mbele kuna sanamu ya Budha, amekaa amefumba macho nusu, na wamemwekea maua kwenye sahani. Nilidhani wamesahau kuyatia maji, kumbe wanayaacha yanyauke makusudi, watu waone kwamba kila kitu kina mwisho. Usiwe na wasiwasi, Mama, sikumpigia magoti. Nilimwinamia kidogo, kama mtu anavyomwinamia mwenye nyumba.

Basi tukakaa mkekani, kila mtu na mto wake, miguu imekunjwa, mgongo umenyooka. Niliangukia mto nilioushona mwenyewe siku ya ubahili, sufi kidogo, nikadidimia, magoti yakapanda juu. Mguu wa kushoto ukafa ganzi, wa kulia ukaufuata. Mbu akatua shavuni. Nikainua mkono, nikakumbuka kwamba mle ndani hakiuawi kitu. Mbu akala, akashiba, akaenda zake.

Sasa sikia kichekesho. Mtawa anaongoza kwa Kiswahili, na katika Kiswahili chote ameokota ngeli moja tu, ile ya watu. "Mlango amefungwa." "Maua amechoka." Akaanza: "Pumzi anaingia, mjue. Pumzi anatoka, mjue." Nikadhani anatuambia sote, ninyi mjue. Kumbe kila mtu anaambiwa amjue huyo pumzi wake. "Pumzi ameingia, usimvute. Pumzi ametoka, usimshike. Mjue tu." Nilicheka kimoyomoyo mpaka machozi yakanitoka, na kujipangusa niliona haya, yakashuka hadi kidevuni. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Mwisho tukapewa chai ya tangawizi, kila mtu akaenda kwake.

Wasalimie jumuiya, na mpe Restituta pole ya kuteleza.

Binti yako,
Asteria

~

Mapera
25 Machi 2024

Asteria,

Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Niliposoma tena, niko kibarazani, nikaacha kucheka. Nikamwita Restituta nikamsomea, naye akashika kichwa.

La sanamu sitakusumbua nalo. Hata sisi Bikira Maria tunampelekea maua, ingawa hatumwachii yanyauke. Kila nyumba na desturi yake. Ila huyo anayekataza kuua mbu mwambie ateremke Mbamba Bay, alale bila chandarua, kisha tuzungumze.

Neno langu ni jingine. Unasema ulikwenda kukaa. Huku kwetu mtu akisema "nakwenda kukaa", akanyamaza hapo, anakwenda wapi? Anakwenda msibani. Viatu nje. Maji mlangoni. Hakuna salamu. Watu chini mkekani, kimya. Mwanaume kanyoa kichwa. Maua. Wewe machozi hadi kidevuni, na hakuna anayekuuliza unalia nini, kwa kuwa wote wanajua. Halafu chai. Mwanangu, mimi nimekaa misiba mingi kuliko umri wako. Huko ni matangani, na hao Wabudha umewatia ili nisishtuke.

Nani amekufa?

Kama ni Ignatio, niambie. Salamu zake hazimo katika barua, na yeye si mtu wa kusahau salamu. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi si yai, Asteria. Nimemzika baba yako, na siku ya pili nikachuma kahawa kwa kuwa ilikuwa imeiva.

Pasaka nateremka Ngumbo kwa Albina. Nawe niandikie.

Mama yako,
Scolastika

~

Ngumbo
2 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Mama amekuwa hapa siku zote za Pasaka, na leo asubuhi amepanda gari la Mbinga. Naandika haraka, kuna mwalimu anasafiri.

Alifika anauliza habari za Ignatio kabla hata hajatua mzigo. Nikampigia Ignatio mbele yake. Akamsikia anakohoa, anasema shikamoo mama, anauliza habari za mbuzi. Akaridhika kabisa. Nikamweleza kwamba hekalu ni hekalu kweli, na mtawa ni mtawa. Akacheka, akasema ataungama kwa kumzika mkwe wake akiwa mzima. Nikajua yamekwisha.

Jana nilikuwa nakaanga dagaa jikoni, yeye yuko kwenye kigoda anachambua mchele. Akasema, bila kuinua macho, "Albina, mimi nimezaa watoto sita. Mimba ikishafika miezi minane hukai chini ukakunja miguu, ukanyoosha mgongo. Tumbo utaliweka wapi?"

Dada, hilo mimi na wewe hatukuliwaza.

Nikawa nakoroga tu. Akaendelea: "Kaandika mguu, kaandika goti, kaandika shavu, kaandika kidevu. Mwili mzima kauandika. Tumbo hakuliandika." Dagaa wakaungua, na wala hakuniambia kwamba wanaungua. Unajua Mama alivyo na dagaa.

Uliniomba nisiseme, sikusema. Lakini sikuweza kumkatalia pia. Nilisimama pale na mwiko. Akamaliza mchele wake, akaupuliza makapi, akaenda kukaa ziwani kwenye mtumbwi wa mume wangu uliopinduliwa, mpaka watoto wakamfuata. Chakula hakula. Hakulia mbele yangu, na mimi nilishindwa kulia mbele yake, tukawa kama wageni wawili waliokutana stendi.

Nina hasira na wewe kidogo, na nakupenda. Mwandikie. Anajua tayari, ila anakusubiri wewe umwambie.

Mdogo wako,
Albina

~

Dar es Salaam
7 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Karatasi nyingine nimezichana. Hii sitaichana.

Hekalu lipo, mtawa yupo, mbu alikuwepo. Lakini uliona vizuri, nilikuwa msibani. Mfiwa ni mimi.

Somo wako alizaliwa mwishoni mwa mwezi wa kwanza, kabla ya wakati wake, amekwisha kufa. Alikuwa wa kike. Alikuwa na nywele nyingi na vidole virefu vya kwenu. Nesi mmoja alisema bora nisimtazame, nitamsahau upesi. Nikakataa, wakanipa, nikamshika. Ignatio alikwenda kumzika na kaka yake wakati mimi niko wodini. Niliporudi nyumbani hapakuwa na mkeka wala mtu aliyekaa chini, maana mtoto ambaye hajalia haliliwi. Najua ndivyo ilivyo, sikumlaumu mtu. Majirani walipita, wakasema utapata mwingine, wakaniuliza nguo zao za Pasaka zitakuwa tayari lini. Nikarudi kwenye cherehani.

Daktari alisema kondo la nyuma lilibanduka mapema. Sikiliza hilo, Mama. Kondo lilibanduka. Halikubanduka kwa kuitwa jina. Nilikuficha kwa sababu ya jina tu. Niliogopa utajiambia kwamba ulimwita mapema, na kwamba mdomo wako ndio uliomponza. Nilijiona naweza kubeba mengine yote, lakini si hilo. Basi kila nikishika kalamu nikawa nakuandikia vichekesho.

Na pale hekaluni sikulia kwa kucheka. Yule mzee aliposema, "Ameingia, mjue. Ametoka, mjue," nilisikia anamtaja yeye. Alikuja, akaondoka. Watu wote wenye Kiswahili safi waliniambia nimsahau. Aliyeniambia nimjue ni mtu mmoja anayekosea ngeli. Nimekwenda tena Jumamosi zilizofuata. Dini sijabadili, na misa sijaacha. Nakaa tu, namjua mtoto wangu, miguu inakufa ganzi, narudi nyumbani.

Mwezi wa tano usije, Mama. Ulikuwa unakuja kwa ajili ya uzazi, na uzazi haupo. Nisamehe kwa kukudanganya. Nimechoka sana.

Binti yako,
Asteria

~

Mapera
17 Aprili 2024

Mwanangu,

Nimelia, sikufichi. Katika ukoo huu kuficha kumetosha.

Nilijiambia hilo hilo uliloliogopa. Uliponijua ulinijua sawasawa. Siku kadhaa nilishindwa hata kulitamka jina langu. Kwenye jumuiya walipoita majina nilinyoosha mkono tu, kama bubu. Kisha nikiwa napalilia nikaanza kulifikiria vizuri. Jina hili nimelibeba tangu nilipobatizwa. Nimelala njaa nalo, nimeugua nalo, nimefiwa nalo, nimezaa watoto sita nalo, na halijaniua. Kama lina sumu, mbona halikuanza na mimi? Nikalitua hapo hapo shambani. Nawe litue, usinibebee.

Juzi nikatandika mikeka sebuleni. Restituta akauliza kuna nini. Nikamwambia, "Kuna msiba, niitie akina mama." Wakaja na mvua na matope, wakavua viatu nje. Wakaniuliza marehemu ni nani. Nikawaambia, "Scolastika." Wakatazamana. Mmoja akasema polepole, "Lakini mama, Scolastika si wewe?" Asteria, nilicheka mpaka nikashika ukuta, nao wakacheka, halafu tukalia kilio ambacho sikukilia hata kwa baba yako.

Bibi mmoja akaninong'oneza kwamba mtoto asiyelia haliliwi. Nikamwambia, "Mama yake amelia." Akafikiri, akakunja khanga yake, akakaa.

Tukakaa kutwa. Sikujua sala gani ya kumwombea, nitamwuliza padre. Nikajaribu ile ya mtawa wako, na nikawa najisahihisha, imeingia, imetoka, kwa kuwa shule ya masista ilinipiga fimbo kwa ajili ya ngeli hizo. Mwishowe nikaacha kujisahihisha. Huyo mzee nikimkuta nitampa mkono.

Sasa la uzazi. Nani kakufundisha kwamba uzazi haupo? Ulichukua mimba, ulipata uchungu, ulimshika mwanao. Wewe ni mzazi. Maziwa yalikuja, najua yalikuja, maana mwili hauambiwi habari. Na wewe ukanyanyuka ukaenda kukanyaga cherehani, hakuna aliyekukanda maji ya moto, hakuna aliyekufunga tumbo, hakuna aliyekuambia lala. Mzazi hutunzwa, awe na mtoto mkononi au hana. Nimechelewa, lakini sijachelewa kiasi cha kushindwa. Sitangoja mwezi wa tano.

Naongeza haya hapa stendi ya Mbinga, naandikia pajani. Barua hii sikumpa mtu. Nimepanda nayo mwenyewe. Kuna maneno humu siwezi kuyasema tukitazamana, nitaanza kulia tena na hatutaelewana. Kwa hiyo nikifika nitampa Ignatio mlangoni akuletee chumbani, uisome peke yako, taratibu, uimalize.

Ukifika mstari huu usitafute kalamu. Niko sebuleni.

Mama yako,
Scolastika